Haibridi za kifahari Pwani Kusini: Adui ni chumvi na vumbi kabla ya betri

MAGARI ya kifahari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, maarufu kama haibridi, si kitu cha kustaajabisha tena katika barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga. Toyota Harrier, Lexus RX na Alphard huonekana zikiegeshwa mbele ya maduka ya Ukunda, katika hoteli za Diani na kwenye nyua za nyumba za mapumziko hadi Msambweni.

Wengi wanaoyanunua huwa na hofu moja tu, nayo ni betri kubwa. Wameambiwa kwamba siku itakapokufa, bei ya kuibadilisha itawafanya waliuze gari kwa hasara. Hofu hiyo ina msingi, kwani betri ndiyo mojawapo ya sehemu ghali mno za gari la aina hii. Hata hivyo, katika ukanda huu wa bahari betri nyingi hufa kabla ya wakati wake kwa sababu ya mambo madogo ambayo mwenye gari angeweza kuyazuia kwa kitambaa, brashi na maswali machache kwa fundi wake.

Kwanza ifahamike jinsi gari lenyewe linavyofanya kazi. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997. Alphard ya haibridi ilifuata mwaka wa 2003, kisha mwaka wa 2005 ikaja Harrier Hybrid pamoja na pacha wake wa masoko ya nje, Lexus RX 400h. Kimsingi mfumo wao ni mmoja: injini ya petroli, mota za umeme, betri kubwa, na kifaa kiitwacho inveta kinachougeuza umeme wa betri ili uweze kuendesha mota. Gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirejesha nguvu katika betri, badala ya nguvu hiyo kupotea bure kama joto kwenye breki.

Umeme huo si wa mchezo. Betri ya Harrier ya 2005 ina volti 288, na inveta huupandisha hadi volti 650. Harrier ya umbo lililofuata, ambayo haibridi yake ilianza kuuzwa Januari 2014, ina betri ya volti 244.8 iliyoundwa kwa vipande 34 vya volti 7.2 kila kimoja. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240.

Kando ya betri hiyo ipo betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote lile. Katika haibridi hizi za Toyota, betri ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuufunga mkondo wa umeme mkubwa. Ikifa, gari zima hunyamaza, na hapo ndipo mwenye gari hukata tamaa akidhani betri kubwa imekwisha. Asilipe chochote kabla ya ile ndogo kupimwa. Aidha, baadhi ya magari huiweka betri ndogo ndani ya buti, mahali ambapo betri ya kawaida ya maji ya asidi haifai kwa sababu hutoa gesi inayoweza kuwaka. Inayotakiwa hapo ni ile iliyofungwa kabisa, yenye mpira wa kutolea hewa nje.

Vijana wa kusukuma gari, ambao hawakosekani popote palipo na gari lililozimika, hawana msaada hapa. Haibridi za aina hii haziwaki kwa kusukumwa.

Pumzi ya betri

Katika Harrier na RX, betri kubwa hukaa chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo karibu na kiti hicho. Mpango huu unafaa sana jijini Tokyo. Kule Diani, mchanga laini unaingia na miguu ya watoto watokao kuogelea, vumbi jeupe la matumbawe linapenya milangoni, manyoya ya mbwa yanazagaa, na taulo mbichi zinatupwa palepale kwenye matundu. Feni huvuta vyote hivyo. Baada ya mwaka mmoja au miwili mapezi yake huvaa koti la uchafu, hewa ikapungua, na betri ikaanza kupika.

Betri za nikeli, ambazo ndizo zilizo katika haibridi nyingi za Toyota za miaka hiyo, huchakaa upesi zikipata joto kila siku. Vipande vya katikati, ambavyo hewa huvifikia kwa shida, ndivyo hudhoofika mwanzo. Kimoja kikilegea, kompyuta hugundua kwamba hakilingani na vyenzake, huwasha taa ya onyo, na mashine ya uchunguzi husoma msimbo P0A80, ambao maana yake ni kwamba betri inahitaji kubadilishwa.

Kwa hivyo kila gari lipelekwapo kubadilishwa mafuta ya injini, matundu hayo yafyonzwe vumbi, na chujio lake, kama lipo, lisafishwe. Angalau mara moja kwa mwaka feni yenyewe ifunguliwe na kupigwa brashi. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua. Dalili ya kwamba imecheleweshwa ni mvumo mkubwa kutoka kiti cha nyuma siku ya jua.

Watu wa Pwani waliozoea kufungua madirisha ili kuokoa mafuta wanapaswa kulifikiria upya jambo hili. Hewa inayoipoza betri ni ileile inayowapoza abiria. Mwezi wa Februari au Machi, gari lililoanikwa juani likaendeshwa bila kiyoyozi huivutisha betri hewa ya moto. Kiyoyozi katika haibridi si anasa. Kuegesha kivulini nako kunasaidia mno, ingawa si chini ya mnazi, kwa sababu ambayo mkazi yeyote wa Kwale haihitaji kuelezwa.

Kiyoyozi na mafuta yake

Hapa pana kosa moja linaloweza kuligharimu gari zima, na halizungumzwi vya kutosha. Katika magari ya kawaida, kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na mkanda wa injini. Katika haibridi nyingi za kisasa, Harrier na RX zikiwemo, huzungushwa na mota ya umeme mkubwa, na nyaya za mota hiyo zimo ndani ya kompresa pamoja na mafuta ya kuilainisha.

Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya kompresa hiyo, kwa magari ya Toyota yenye jina ND-11, hayapitishi umeme kirahisi. Mafuta ya PAG, ambayo gereji nyingi huyatumia kwa magari mengine yote, yanapitisha. Kiasi kidogo tu kikiingia, kinga ya umeme huanza kuvuja, kompyuta huandika msimbo P0AA6, na gari hukataa kuwaka kwa sababu za usalama. Kuusafisha mfumo uliokwisha kuchafuliwa ni kazi ngumu, na mara nyingi humaanisha kompresa mpya na mabomba mapya.

Pwani Kusini kiyoyozi hufanya kazi karibu mwaka mzima, na kujaza gesi ni jambo la kawaida. Mwenye gari asiogope kumwuliza fundi maswali mawili kabla mpira haujaunganishwa: unatumia mafuta gani, na mashine hii ilitumika mwisho kwenye gari gani? Mabaki ya PAG yaliyomo katika mipira ya mashine yanatosha kuleta madhara. Fundi akikasirishwa na maswali hayo, ipo gereji nyingine.

Inveta nayo ina kulanti yake, yenye tangi dogo na pampu ya umeme, mbali na ile ya injini. Wengi hulijaza tangi la injini na kulisahau hili. Kwa Toyota kulanti hiyo ni ya rangi ya waridi, na haifai kuongezwa maji ya bomba, sembuse ya kisima. Pampu ikifa, inveta huungua, na bei yake hushindana na ya betri. Mwezi Juni 2011 Toyota iliyarudisha gereji zaidi ya magari 100,000 duniani ya aina ya RX 400h, Highlander, Harrier na Kluger kwa sababu ya kasoro ndani ya inveta. Anayenunua gari la miaka hiyo kutoka kwa mtu aulize, kwa kutumia nambari ya chesisi, iwapo marekebisho hayo yalifanywa.

Foleni ya feri

Msafiri wa Pwani Kusini aendaye mjini Mombasa ana njia mbili: kivuko cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu itokayo Kibundani hadi Miritini. Kwenye foleni ya Likoni ndiko haibridi hulipa fadhila, kwani injini huzima na gari husogea kwa umeme huku kiyoyozi kikiendelea. Injini ikijiwasha yenyewe kila baada ya dakika chache, lisiwe jambo la kumshtua dereva, inaijaza betri.

Kosa la kawaida ni kuiweka gia kwenye N na kuvuta breki ya mkono, kama tulivyofundishwa sote katika shule za udereva. Gia ikiwa N, injini haiwezi kuijaza betri, hali kiyoyozi kinaendelea kuinywa. Foleni ikiwa ndefu, gari liwekwe P. Kwenye feri yenyewe, P na breki ya mkono kwa pamoja, na dereva ahakikishe kwamba amelizima gari kikamilifu ikiwa anataka kuteremka. Taa ya READY ikiwa inawaka, gari liko hai hata kama halitoi sauti, na mguu wa mtoto kwenye pedali unatosha kulisogeza gia ikiwa D.

Likikwama, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini. Magurudumu yakizunguka, mota huzalisha umeme na kuweza kuharibu mfumo, hata kusababisha moto. Liitwe lori la kubebea magari. Kwa Harrier na RX zenye mota ya nyuma, magurudumu yote manne yawe juu.

Chumvi

Upepo wa kusi, unaovuma takriban Aprili hadi Septemba, huleta unyevu wa chumvi kutoka baharini hadi uani. Gari lililo umbali wa mita mia moja kutoka ufuoni hulishwa chumvi usiku kucha. Haibridi huumia kuliko gari la kawaida katika sehemu moja hasa: breki. Kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi za breki huweza kudumu miaka mingi, jambo ambalo wauzaji hulisifu. Wasichosema ni kwamba diski isiyosuguliwa hushika kutu, na pini za kalipa hukwama. Pedi huonekana mpya ilhali upande mmoja haushiki. Kalipa zifunguliwe na kupakwa grisi yake maalumu kila mwaka, na mara moja kwa juma dereva akanyage breki kwa nguvu kidogo mahali pasipo na magari, ili diski zisuguliwe.

Kuosha sehemu ya chini ni lazima. Lakini maji gani? Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vimeingiwa na maji ya bahari, na baadhi ya wanaoosha magari huvitumia. Mwenye gari ayaonje maji hayo. Yakiwa na ladha ya chumvi, ni afadhali gari libaki na vumbi lake. Pampu ya maji ya nguvu nayo isielekezwe kwenye viungo vya nyaya za rangi ya chungwa, kwani rangi hiyo ndiyo alama ya umeme mkubwa.

Wanaoshusha mashua ufuoni kwa kutumia haibridi zenye mota ya nyuma wanacheza na moto. Mota hiyo ipo kwenye ekseli ya nyuma, sehemu ya kwanza kuzama wanaporudi nyuma kuelekea majini. Wakati wa masika, maji yanapotuama barabarani, kipimo cha busara ni kutoingia mahali ambapo maji yanapita katikati ya gurudumu. Gari lililozama, hasa katika maji ya bahari, lisiwashwe hata kama limekauka. Ni vyema pia kusoma mkataba wa bima mapema, kuona iwapo mafuriko yamo.

Anayetaka kununua

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba haibridi nyingi hutua bandarini Mombasa betri ikiwa imekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake. Karatasi ya mnada kutoka Japani, ambayo huonyesha hali ya gari na kilomita zake, idaiwe kwa muuzaji na ilinganishwe na mita. Aidha, mafuriko ya magharibi mwa Japani ya Julai 2018 na kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 yalizamisha magari mengi. Zulia la nyuma liinuliwe, reli za viti zitazamwe kama zina kutu au tope. Betri iko hapo hapo chini.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni cha bure, nacho ni mlima wa Kwale. Mji huo uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Kombani inapanda kwa mfululizo. Mnunuzi apande nayo gari likiwa na abiria na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, macho yakiwa kwenye kioo cha kuonyesha chaji. Betri nzima hushuka polepole, na wakati wa kurudi Kombani hujaa polepole. Iliyochoka hurukaruka: dakika moja imejaa, dakika chache baadaye iko chini, na feni ya nyuma inapiga kelele. Wakati wa kuteremka, gia ya B ndiyo inayofaa mteremko mrefu, kwani betri ikishajaa injini husaidia kulizuia gari na breki hazipati moto. Kwenye barabara tambarare haina faida, inakula mafuta tu.

Baada ya hapo mashine ya uchunguzi isome volti ya kila fungu la betri. Tofauti kubwa baina ya mafungu ni sababu ya kushusha bei au kuondoka. Muuzaji atakayesema kipande kibovu kimekwisha kubadilishwa anasema nusu ya habari, kwa kuwa kipande kipya kati ya vizee 33 huleta ulinganifu wa muda tu. Viraka hivyo humfaa anayetaka kuuza, si anayetaka kukaa na gari.

Maisha ya fundi

Gereji za Ukunda na Msambweni zina mafundi hodari wa injini, na sehemu kubwa ya haibridi ni gari la kawaida: plagi, mafuta, shokomzoba, magurudumu. Hizo fundi wa mtaani anaziweza. Mpaka uko kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Anayezigusa bila mafunzo anaweza kufa, na mwenye gari aliyemhimiza "ajaribu tu" atabeba lawama hiyo.

Utaratibu unaokubalika ni kwamba gari huzimwa, ufunguo huwekwa mbali, waya hasi wa betri ndogo hutolewa, kisha plagi ya usalama ya betri kubwa huchomolewa na fundi huitia mfukoni mwake ili mwingine asiirudishe. Baada ya hapo husubiriwa angalau dakika 10, kwa sababu inveta huhifadhi umeme hata baada ya kukatwa, na volti hupimwa kabla ya spana kugusa chochote. Glavu ziwe za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000, na zijazwe hewa kabla ya kila kazi kuona kama zimetoboka. Fundi asiye na glavu hizo asipewe kazi ya betri, hata akiwa ndugu.

Magari ya kuchomeka kwenye umeme, mathalani Range Rover P400e au Volvo XC90 T8, yana jambo la ziada. Soketi ya kuyachajia ni lazima iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi, na nyumba nyingi za zamani za ufuoni zina waya ulioliwa na kutu. Fundi wa umeme aupime kabla ya gari kuchomekwa, na soketi hiyo isitumiwe pamoja na friji au pampu kwa waya wa kurefusha.

Kubaki tena suala la magari yanayolala. Nyumba nyingi za Diani na Galu hufunguliwa Agosti na Desemba tu, na gari hukaa miezi likimsubiri mwenyewe. Betri kubwa hupungua polepole hata gari likiwa limezimwa, na ikishuka mno haiwezi kuwasha injini wala kujazwa kwa chaja ya kawaida. Maelekezo ya Toyota ni kwamba gari liendeshwe angalau mara moja kila miezi michache, kwa dakika 30 au kilomita 16. Kwa joto na chumvi ya hapa, mara moja kwa mwezi ndiyo hesabu bora, tena kwenye barabara kuu, kwa mfano hadi Msambweni na kurudi, ili breki nazo zifanye kazi. Kuliwasha likiwa limesimama uani hakutoshi.

Mlinzi aliyeachiwa ufunguo aelezwe mambo matatu: afungue boneti kabla ya kuwasha kuona kama panya wametafuna nyaya, tangi lisipungue robo kwa kuwa haibridi iliyoishiwa petroli huimaliza betri yake, na apite pole kwenye barabara ya ufuoni ya Diani. Mbega wa hapo, ambao shirika la Colobus Conservation limewatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara, husikia lori likija kutoka mbali. Gari linalotembea kwa umeme hawalisikii.